Udongo wa Bondeni

Fundi aliyekuwa ananichimbia shimo la choo hapa Rubwera alichomoza kichwa akasema, "Mama, maji yametoka." Alisema kwa furaha, utadhani ndicho nilichomtuma.

Nilisogea nikachungulia. Udongo ulikuwa mweusi, unang'aa pale sululu ilipoukata, na chini kabisa maji ya kijivu yalikuwa yanajikusanya polepole, bila haraka yoyote. Harufu ikanipanda puani. Ilikuwa harufu ya tope baridi na mizizi ya mafunjo, harufu ambayo sikuwa nimekutana nayo tangu nikiwa mtoto wa kubebeshwa kibuyu kidogo. Nikamwambia afukie.

"Mama, mbona ni jambo dogo? Tunashusha mawe chini, maji yenyewe yatajua pa kwenda."

Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninaloliogopa. Akacheka, akidhani namtania. Shimo likafukiwa, tukahamia upande wa juu wa kiwanja, kwenye changarawe ambako mafundi walitoa jasho na kunung'unika hadi wakamaliza. Najua walipata hadithi ya kuwasimulia vijana wa bodaboda, ya mama mmoja wa ofisini anayekimbia maji ya shimoni. Wasimulie tu.

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye vilima vyetu miaka ile ya baada ya vita, sabuni ikiwa ya kutafutwa na sukari ikiwa ya wageni, mtanielewa upesi zaidi. Mnajua kwamba kwetu ardhi si moja. Mguu mmoja ukiwa kwenye udongo mwekundu wa mawe, mwingine unaweza kuwa tayari kwenye udongo mweusi unaonata. Sisi tulikaa kwenye ule unaonata. Huko Bugomora, chini kabisa, pale shamba linapoishia na mafunjo yanapoanza, ndipo Baba alipojenga nyumba yetu.

Baba alitoka Rwanda akiwa kijana, akifuata kazi ya kulima kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya watu. Huko kwao, alikuwa akituambia, milima ni mikali kiasi kwamba mtu akienda kupanda maharage lazima ajifunge kamba kiunoni, na mvua moja ikinyesha shamba lako linahamia kwa jirani bila kuaga. Mama alikuwa akimwambia asitudanganye, naye alikuwa akiapa. Nadhani kamba aliiongeza, lakini lile shamba la kuhama lilikuwa kweli, maana kila alipolitaja alitazama pembeni. Ndiyo maana aliposhuka bondeni Bugomora na kuona ardhi tambarare, nyeusi, ambayo hakuna aliyeijengea, alipiga jembe mara moja, likazama lote, akasema hapa ndipo. Maisha yake yote alikuwa ameota mahali ambapo udongo unatulia.

Wenyeji wetu, Wanyambo, walikuwa hawajengi bondeni. Wao walikaa juu mgongoni mwa kilima, kwenye vibanja vilivyolishwa samadi na nyasi tangu enzi za babu zao, migomba ikiizunguka nyumba hadi usiione. Bondeni walikuwa wakishuka kiangazi kulima maharage, na jioni wakipanda kurudi kwao. Jirani yetu wa juu, Bibi Kemilembe, mjane mwenye sauti ya kusikika kilima cha pili, alimweleza Baba mapema, akianza na lile "waitu" lao la heshima.

"Waitu, Baba Adela, kule chini huwa tunalima. Hatulali."

"Bibi, sisi kwetu tulilala juu tukaamka chini," Baba alimjibu. Wakacheka wote wawili, na nyumba ikajengwa.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, na udongo wenyewe ulichimbwa pale pale. Sijui niwaelezeje ile nyumba. Mvua zikianza, ilivimba. Mlango uligoma kufunguka, Mama akawa anausukuma kwa nyonga, na sakafu ilijiinua katikati hata sufuria ikasimama upande. Kiangazi kikija, ilisinyaa. Kuta zilipasuka nyufa za kupitisha mkono, mlango ukawa unacheza wenyewe, na ukilala unaona mistari ya jua imetandikwa juu ya blanketi. Uani nako ardhi ilifungua midomo. Mimi nilijua kabisa kinachoendelea: nyumba yetu ilikuwa inapumua. Inavuta pumzi masika, inaitoa kiangazi. Niliwahurumia watoto wa kule juu ambao nyumba zao zilikuwa zimekufa.

Na chakula! Siwezi kuwa mwongo, udongo ule ulitulisha. Magimbi ya bondeni yalikuwa mazito kuyabeba, maharage yalizaa mara nyingine kabla hujamaliza kuchuma ya kwanza, na miwa ilisimama nyuma ya nyumba ikitoa maji matamu yenye ladha ya tope kwa mbali. Baba alikuwa akiufinyanga mkononi na kutuonyesha. "Huu udongo umeshiba," alisema. "Na sisi tutashiba."

Kilichotushinda ni choo. Baba alikichimba nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka kidogo, na chini yake, si mbali, ndipo kilipokuwa kisima chetu, chemchemi ndogo iliyochuruzika kutoka kwenye mizizi. Mvua zilipokuja kuta za shimo zilianza kuporomoka, Baba akazishikiza kwa magogo. Zilipokolea, maji yalipanda shimoni hadi ukichungulia unauona uso wako umezungukwa na mbingu. Mimi nilipapenda. Nilifikiri ni choo cha kifahari.

Siku moja alikuja bwana afya wa kata, kwa baiskeli, amevaa kaptula ya kaki na soksi ndefu zilizokwisha kulowa tope. Alichungulia shimo, akateremka hadi kisimani, akarudi akitikisa kichwa. Baba alimkaribisha kiti lakini hakukaa.

"Mzee, maji ya chini ya ardhi yanatembea," alisema. "Kila kinachoingia kwenye shimo hili kinatokea kule kisimani. Hamisha choo. Ikiwezekana, hamisha na nyumba."

"Mbona maji yetu ni meupe?" Baba aliuliza.

"Hata yakiwa meupe, mzee."

Alipoondoka Baba alisema yule kijana ameona maji mengi kwenye vitabu. Mama alianza kuchemsha maji ya kunywa siku kuni zilipotosha, na siku kuni zilipolowa hakuchemsha. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na baiskeli, na nilikuwa nimesikia habari ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusikia. Chini ya miguu yetu kulikuwa na njia.

Nilihakikisha. Karibu na choo kulikuwa na kichaka cha maua ya njano, yale yanayofanana na alizeti ndogo. Nilichuma machache, nikayatupa shimoni, kisha nikateremka mbio kisimani kusubiri. Sikuona kitu. Kesho yake nilipoenda kuchota maji, ua la njano lilikuwa linaelea, likizunguka taratibu. Kichaka cha aina ile ile kilikuwa kimeota hata pale kisimani, juu ya kichwa changu, lakini mtoto anayeamini jambo hatazami juu. Bwana afya alikuwa amesema kweli. Kinachoingia kule, kinatokea huku.

Mdogo wangu Mugisha alizaliwa baada ya hapo, mnene, mcheshi, na kicheko cha fizi tupu. Nilikuwa namshika akiwa amekalishwa juu ya mkeka, naye ananivuta nywele, na nilimpenda kwa namna ambayo hata leo siwezi kuisema. Masika yaliyofuata alianza kuhara. Mama alimfunga mgongoni akapanda naye kilima hadi zahanati, akarudi naye akiwa na nafuu, kisha hali ikageuka tena, akaanza kutapika, na asubuhi moja nilipoamka nyumba ilikuwa imejaa wanawake na hakuna aliyeniambia nipike uji. Mugisha alikuwa amefariki.

Walimchimbia pembeni mwa migomba yetu michache ya bondeni, mchana, mvua ikiwa imepumzika. Nilisimama nimeshika gauni la Bibi Kemilembe. Wanaume hawakwenda chini sana kabla sijasikia sauti ninayoijua, ile ya bakuli likichota maji. Walichota, wakamwaga, wakachota. Baba alikata majani ya mgomba akatandika, wakaongeza nyasi, na maji yakaendelea kuja bila haraka. Mwishowe mmoja wao alisema, kwa upole, kwamba tusichelewe. Mama alikuwa ndani, lakini nyumba yetu ilikuwa na nyufa. Alisikia bakuli lote.

Baada ya siku za kilio Mama alifunga furushi. Aliweka magauni yake, sufuria aliyopewa na mama yake, na rozari, akafunga fundo kubwa akaliweka karibu na mlango.

"Maharage yakikomaa nitayavuna, kisha naenda Kibingo kwa baba yangu," alimwambia Baba. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana iliogopesha. "Mtoto wangu nimemlaza majini. Sizai tena kwenye udongo huu."

"Kule juu ni mawe," Baba alisema. "Mama Adela, tutakula mawe?"

"Na hapa tunakula nini?"

Baba akatoka nje. Tangu siku hiyo kila niliporudi nyumbani nilitazama kwanza furushi kama lipo. Lilikuwepo, na maharage yalikuwa yanakua, kwa sababu udongo ule haukujua kuchelewesha kitu. Nilitamani yakauke. Sikujua kama na mimi nimo kwenye safari ya Kibingo au simo, na sikuthubutu kuuliza.

Ila nilikuwa na dawa yangu. Kama Mugisha alikuwa ameingia kwenye maji yale, basi njia yake ilikuwa inajulikana. Ua la njano lilichukua usiku mmoja. Yeye ni mnene, angechelewa. Nikaanza kuamka mapema kuliko kawaida, nachukua kibuyu changu, na ndani ya gauni nakunja kile kipande cha kanga alichokuwa akibebewa, maana najua maji ya kisimani asubuhi yalivyo baridi. Nakaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo, ndege wa majini wanaitana wasionekane, na kisima kinatoa vipovu vyake kimoja kimoja. Kila kipovu nilikiinamia. Sikuwa na huzuni hata kidogo, jamani. Zilikuwa asubuhi njema kuliko nyingi nilizowahi kuwa nazo, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nilipanga hata namna nitakavyoingia nyumbani naye mgongoni, na Mama atakavyofungua furushi kutafuta nguo ya kumbadilisha.

Mama aliona kanga haipo. Baba akatumwa kunitafuta, akanikuta pale.

"Adela, unafanya nini?"

"Namsubiri Mugisha."

Aliinama akaitazama ile kanga. Nikadhani hajaelewa, nikamsaidia. "Bwana afya alisema, kinachoingia kwenye shimo kinatokea huku kisimani. Mugisha naye aliwekwa kwenye maji. Nimemletea kanga."

Baba alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye tope na suruali yake ya kwendea kanisani, maana ilikuwa Jumapili. Alikitazama kisima, kisha akageuka kutazama choo kilichokuwa juu yake, na macho yake yakarudi tena kisimani, kama mtu anayefuata siafu. Aliipita ile njia kwa macho mara nyingi. Nilifikiri na yeye ameanza kusubiri, nikamsogelea ili tutazame pamoja.

Hakuniambia kwamba nimekosea. Nimemshukuru sana kwa hilo nilipokuwa mtu mzima. Alinikung'uta matope, akanishika mkono, na badala ya kurudi nyumbani tukapanda kilima.

"Na Mugisha akitoka, hatutakuwepo?" nilimuuliza njiani.

"Tutampandisha," alisema.

Bibi Kemilembe alikuwa anatandaza nyasi kwenye migomba yake. "Shikamoo, Bibi," Baba alisema.

"Marahaba. Waitu, umeanguka?" Alikuwa anaitazama ile suruali.

"Nimeanguka, Bibi. Nimekuja kukuomba kile kipande chako cha mawe, pale mpakani."

"Kile cha changarawe? Hata mbuzi wangu hawalali pale."

"Hapo hapo."

Bibi Kemilembe alikuwa mtu wa maneno, lakini siku ile aliyaacha. Alitupa nyasi alizoshika, akatutangulia kwenda kutuonyesha mipaka.

Baba alianza na choo. Watu walipita wakimcheka, mtu hana hata nguzo ya nyumba anachimba choo, na yeye akacheka nao bila kusimamisha kazi. Udongo wa kule ulikuwa mwekundu, mgumu, umeshikana na mawe. Jembe halikuingia, akaazima mtaimbo. Bondeni shimo kama lile lilimchukua siku moja na nusu yake alikuwa anapiga soga. Huku kazi ilikula kiangazi kizima, akishuka shimoni asubuhi na kutoka jioni akiwa mwekundu hadi kope, huku maharage ya Mama yakizidi kuwa manjano kule chini. Yalianza kukauka. Mama aliyang'oa, akayaanika, akayapiga, bila kuuliza chochote kuhusu shimo.

Jioni aliyomaliza kuyapepeta, Baba alimwita apande. Nilikwenda naye. Baba alikuwa ndani ya shimo, kina kirefu kuliko urefu wake na mikono yake imenyooshwa, na tukasikia mtaimbo ukigonga chini kwa sauti kavu. Alipanda kwa ngazi ya mti, ngumi moja imefungwa. Alipofika juu akaichukua mikono ya Mama, akamwekea kile alichokuwa ameshika. Ulikuwa udongo wa chini kabisa, mwekundu, unaomwagika kati ya vidole.

"Kavu," Baba alisema.

Mama aliunusa. Akausugua kiganjani, akaumwaga, akabaki anatazama vumbi lililobaki kwenye mistari ya mkono wake. Halafu akalia, kilio ambacho sikumsikia akilia hata siku ya msiba, na Baba akasimama karibu yake asijue aweke wapi mikono yake michafu. Tuliporudi nyumbani Mama alifungua furushi. Alitoa sufuria, akapika yale maharage.

Nyumba ya juu ilijengwa kwa udongo wa kichuguu na haikuwahi kupumua. Ulinisumbua mwanzoni, ule mlango unaofunguka vilevile siku zote. Shimo la zamani lilifukiwa, kisima kikasafishwa, na bondeni tukawa tunashuka kulima kiangazi, kama wenyeji. Kwa upande wa migomba Bibi Kemilembe ndiye aliyesimamia. Unachonga shimo kwenye changarawe, unajaza udongo mzuri uliobebwa kutoka chini, samadi, nyasi, na unaomba Mungu. Tulipanda na vikapu kichwani msimu mzima, Mama, mimi, Baba. Kipande kwa kipande tulilihamisha bonde.

Kikapu kimoja Baba alikwenda kukijaza mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali. Alipiga magoti pale pembeni mwa migomba ya bondeni, tulipomlaza Mugisha, na hakuchimba, alikwangua tu juu juu kwa mkono, taratibu, akaufunika udongo kwa jani la mgomba. Alipanda nao kilima akiwa ameukumbatia kifuani. Mgomba wa kikapu kile ulipandwa mbele ya mlango. Tangu siku hiyo niliacha kwenda kisimani asubuhi.

Mgomba ule wa mlangoni ulizaa, ukakatwa, chipukizi likashika nafasi, nalo likazaa. Mama aligawa mikungu yake yote kwa majirani, wa kwanza akiwa Bibi Kemilembe. Alizaa watoto wengine watatu kwenye nyumba ile na wote wako hai. Baba amelala pale pale juu, kwenye udongo mwekundu. Kuhusu Mugisha, Mama hakuwahi kutamka kitu mbele yangu, miaka yote hiyo, na mimi nikafikiri huenda hakujua kikapu kile kilitoka wapi.

Mwajua migomba ilivyo. Haikai. Kila chipukizi linatokea pembeni kidogo ya mama yake, na usipotazama kwa miaka mingi unakuta shina limehama. Baada ya ile siku ya fundi nilikwenda Bugomora kumwona Mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alikuwa ameketi mlangoni, akanipapasa uso, akauliza habari za kiwanja changu. Nikamwambia habari ya maji, na kwamba nimewafukuza mafundi kwenye udongo mweusi.

Alitabasamu.

"Umemwona mdogo wako?" akaniuliza. "Alikuwa hapa mlangoni. Sasa ameshafika jikoni."

Nikainuka, nikazunguka nyumba kwenda kumsalimia.